Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Tathmini ya Duka la Vitabu la Sinza Linalowapa Wageni Riwaya za Mapenzi

Katika mtaa mmoja wa nyuma ya Barabara ya Shekilango, Sinza, kati ya saluni ya kike na duka la mitungi ya gesi, kuna duka la vitabu lisilo na kibao ambalo, kwa ada ya shilingi 40,000, humpatia mwandishi kitu ambacho sijakiona kikiuzwa mahali pengine jijini Dar es Salaam: maoni ya maandishi ya watu watano ambao kwa hiari yao wasingegusa kitabu cha aina anayoiandika. Mimi huandika riwaya za mapenzi. Nimekwisha kuitumia huduma hiyo kwa zaidi ya mswada mmoja, na kwa kuwa waandishi wenzangu huniuliza mara kwa mara kama fedha hiyo inastahili kutolewa, nimeona ni vyema niandike tathmini kamili, pamoja na kasoro, ambazo zipo. Jina la duka silitaji kwa sababu halina. Leseni imeandikwa jina la mwenyewe, naye hapendi kutangazwa. Atakayelihitaji aulizie kwa wauza gesi.

Mwenye duka ni mkutubi mstaafu, mama mtu mzima ambaye kila mteja humwamkia shikamoo kabla ya kueleza shida yake, na mteja anayeisahau salamu hiyo atahudumiwa, ila atajua kwamba ameisahau. Biashara yake ya kila siku ni kuuza vitabu vya shule na kuazimisha vitabu vya mitumba kwa shilingi 1,000 kwa wiki, na kila kitabu kinachotoka huandikwa katika kaunta buku: jina la mwanachama, kitabu alichochukua na siku aliyokirudisha. Kaunta buku hiyo ndiyo mtaji halisi wa huduma ninayoizungumzia. Kwa kuipekua tu, mama huyu anajua ni nani amekuwa akiazima riwaya za upelelezi miaka nenda rudi, nani husoma tawasifu za viongozi, nani hachukui ila vitabu vya dini, na nani hajapata kushika hadithi ya mapenzi hata siku moja. Mwandishi wa mapenzi anapoleta mswada, wasomaji watano huchaguliwa kutoka katika kundi hilo la mwisho. Hawalipwi fedha. Msomaji anayerudisha mswada pamoja na karatasi ya maoni iliyojazwa huazima vitabu viwili bure, na hata aliyeacha kusoma katikati hupata haki hiyo, mradi aseme ameachia wapi.

Mwandishi hutakiwa kuleta nakala tano zilizochapwa steshenari na kubanwa vizuri, na ni haki nimwonye mapema anayesoma hapa kwamba gharama ya kuchapa nakala hizo yaweza kuizidi ada yenyewe. Jalada huwa tupu: hakuna jina la mwandishi, hakuna jina la kitabu, wala picha ya msichana aliyeinamisha macho, ambayo wachapishaji wetu wengi huiona kuwa ni lazima. Msomaji huambiwa kwamba ni hadithi ndefu ya Kiswahili, basi. Nilipouliza sababu ya sharti hilo, nilijibiwa kwamba mtu akisoma neno penzi kwenye jalada hukichukua kitabu akiwa amekwisha kukihukumu, kwa wema au kwa ubaya, na hukumu zote mbili hazina faida kwa mwandishi.

Karatasi ya maoni ni ukurasa mmoja wenye maswali machache. Umefika ukurasa wa ngapi? Kama uliacha, kwa nini? Ni nani uliyemwamini katika hadithi hii, na ni nani hukumwamini? Ni mahali gani uliposimama ukafikiri jambo la maisha yako mwenyewe? Ungempa nani kitabu hiki? Nyota hazipo. Tovuti kama Goodreads, iliyozinduliwa Marekani mwaka 2007, humwomba msomaji atoe nyota kuanzia moja hadi tano, na kwa kawaida anayeifikia riwaya ya mapenzi huko ni yule aliyekuwa anaitafuta. Karatasi ya Sinza haijali kama msomaji amependa au hakupenda. Inataka kujua alikuwa wapi, ndani ya kitabu, alipoanza kuamini.

Ili faida ya jambo hili ieleweke, ni lazima niseme kidogo kuhusu mkataba uliopo kati yetu na wasomaji wetu wa kawaida. Riwaya ya mapenzi ina sheria zake. Chama cha Waandishi wa Riwaya za Mapenzi cha Marekani kilizifupisha kuwa mbili: hadithi ya wapendanao iwe ndiyo kiini cha kitabu, na mwisho uwe wa kuuridhisha moyo na wenye matumaini. Kampuni ya Mills & Boon, iliyoanzishwa London mwaka 1908 na kuunganishwa na Harlequin ya Kanada mwaka 1971, imeuza vitabu duniani kote kwa kuitunza ahadi hiyo, na vile vitabu vyake vidogo vilivyochakaa, nilivyovinunua nikiwa msichana kwa wauza vitabu vya mitumba wa mjini, ndivyo vilivyonifundisha ahadi yenyewe kabla sijajua kwamba ni ahadi. Msomaji wangu wa kila siku anaijua pia. Anapofungua sura ya kwanza anajua kwamba wawili hawa watapatana. Anachokilipia ni kuona watapatana vipi, na nikimchelewesha anaandika kwenye kundi la WhatsApp, kwa herufi kubwa, kwamba nilete mwendelezo. Nampenda kwa dhati, kwa kuwa yeye ndiye anayenilisha, na hakuna anayemzidi kwa kugundua kwamba kijana ameomba msamaha kwa bei rahisi mno. Lakini kuna jambo moja ambalo hawezi kunipa hata akitaka, nalo ni kutojua mwisho.

Katika mswada niliopeleka mara ya mwisho, Rehema ni fundi cherehani aliyepanga chumba Tabata, na Idrisa ni karani wa ghala huko Kurasini anayeishi Kigamboni. Wanakutana, wanapendana, wanagombana, wanaoana. Mmoja wa wasomaji watano alikuwa mtu wa riwaya za upelelezi, aliyekua na vitabu vya Elvis Musiba na Ben Mtobwa, na ambaye, nadhani, anawahesabu wapelelezi wao, Willy Gamba na Joram Kiango, kama wajomba zake wa kuzaliwa. Msomaji huyu alimshuku Idrisa kuanzia ukurasa wa 4. Karani wa ghala, aliandika, mwenye viatu safi hivyo, anayemtafuta fundi cherehani mwenye akiba, huyo ni tapeli. Aliisoma riwaya nzima akimsubiri amwibie. Kila zawadi aliiona kuwa chambo. Kila simu iliyokatika ghafla aliiwekea alama ya penseli pembeni, na alama hizo ninazo, maana nakala hurudishwa. Alipofika kwenye harusi aliandika sentensi ambayo nimeinakili na kuibandika juu ya meza yangu ya kazi: "Mpaka ukurasa wa mwisho nilikuwa nangoja, na hakuna aliyemsaliti mtu. Sijawahi kushangazwa namna hii."

Nilicheka peke yangu kwenye daladala hadi jirani yangu akaniangalia. Mwisho mwema, ambao watani wa riwaya za mapenzi huudharau kwa kuwa unajulikana tangu jalada, kwa msomaji huyu ulikuwa ndio fumbo lililofumbuliwa mwishoni. Nilichokiandika kama ahadi kilimfikia kama mshangao. Zaidi ya hapo, shaka yake ilinionyesha kwamba wema wa Idrisa umejengwa kwa matendo yanayoweza kukaguliwa. Mtu aliyekuwa anamtafutia kosa kwa bidii ya askari kanzu alimaliza kurasa zote bila kulipata. Hakuna msomaji wangu wa kawaida ambaye angeweza kunihakikishia hilo, kwa sababu hakuna aliyemshuku.

Karatasi ya pili ilitoka kwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na hati yake ndiyo iliyosomeka vizuri kuliko zote. Yeye hakumshuku Idrisa. Alimwogopea Rehema. Aliandika kwamba katika vitabu alivyofundisha, msichana anayependa kwa moyo wote huishia vibaya, akataja Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, ambayo mhusika wake mkuu hujiua, na akakiri kwamba tangu Rehema alipompa Idrisa ufunguo wa chumba, yeye mwalimu alianza kusoma kurasa mbili mbili kwa jioni ili kuichelewesha ajali. Ajali haikutokea. Kwenye swali la nani angempa kitabu hiki aliandika kwa ufupi: wajukuu wa kike, na wa kiume pia, akapigia mstari maneno ya mwisho. Nimekaa katika semina za uandishi ambako wasomi walieleza kwa nini riwaya za mapenzi hazistahili kuingia darasani, na sikuwahi kuwa na jibu lililonitosheleza. Sasa ninayo karatasi ya mwalimu.

Lakini karatasi iliyonifurahisha kupita zote ilikuwa fupi na ina doa la chai. Aliyeiandika, kwa jinsi anavyozungumza, ni mtu anayevuka kwenda Kigamboni kila siku, na kaunta buku inaonyesha kwamba huazima vitabu vya historia na vya vita tu. Katika riwaya yangu kuna mazungumzo ya kurasa nane ambayo Rehema na Idrisa huyafanya wakiwa ndani ya pantoni, kutoka Magogoni hadi ng'ambo ya pili, wamesimama karibu na mlango wa magari, Rehema ameshika mfuko wa sare za shule alizoshona. Kila mkazi wa Dar es Salaam anajua kwamba safari hiyo ni ya dakika chache. Msomaji wangu aliandika: "Pantoni gani hili lisilofika? Kwa maneno haya yote lingekuwa limetia nanga Zanzibar." Chini yake, kwa kalamu ileile, akaongeza: "Lakini mimi sikutaka lifike."

Nimesifiwa kwa maneno marefu kuliko hayo, na watu walionisifu walikuwa na vyeo. Sidhani kama kuna sifa niliyowahi kuipokea kwa furaha kama hiyo, na nimejaribu kujieleza sababu. Mtu huyu alikuwa na saa mkononi. Alikuja kwenye ukurasa akiwa na maarifa yake, ambayo ni ya kweli, na akayatumia kunibana kama anavyombana kondakta anayetaka kumzidishia nauli, halafu akaiweka saa hiyo mfukoni kwa ridhaa yake mwenyewe. Mpenzi wa riwaya za mapenzi huja akiwa amekwisha kuivua saa mlangoni. Kurasa hizo nane zimebaki kama zilivyo.

Karatasi hiyo ilikuwa na jambo la pili. Ghala analofanyia kazi Idrisa nimeliweka Kurasini, na msomaji mwenye kuijua ramani ya jiji atakumbuka kwamba Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, linaanzia hukohuko Kurasini kuelekea Kigamboni. Kwa maneno mengine, Idrisa ana daraja mlangoni pa kazi yake, na bado kila Alhamisi jioni huenda hadi Magogoni, akakaa kwenye foleni na kulipa shilingi zake 200 ili avuke kwa pantoni, kwa sababu Alhamisi ndiyo siku Rehema anayopeleka sare kwa wateja wake wa Kigamboni. Sikulieleza hilo popote kitabuni. Nililiacha liwepo tu. Wasomaji wangu wa kundini, wanaonidai busu la kwanza tangu sura ya pili, hawajawahi kuligusia hata mara moja, wala siwalaumu. Msomaji wa historia na vita aliandika: "Mwenye daraja mlangoni akazunguka hadi Magogoni siku ya mvua, huyo ana mtu." Alilitambua penzi kabla Idrisa mwenyewe hajalitamka, tena kwa kuangalia njia anayopita kurudi nyumbani.

Mhasibu mstaafu naye hakuangalia njia, aliangalia fedha. Nyuma ya karatasi ya maoni alichora jedwali. Rehema hulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama wenye nyumba wengi wa jiji hili wanavyodai, shilingi 80,000 kwa mwezi, yaani 480,000 kwa wakati mmoja. Mhasibu akahesabu sare anazoshona, vitambaa, nyuzi, umeme wa Luku, nauli, akaonyesha ni kiasi gani kinaweza kubaki katika kopo la maziwa ya unga analoficha akiba yake chini ya kitanda. Kisha akaitaja sura ambamo Rehema anamfungulia Idrisa kopo hilo na kuzihesabu noti mbele yake, sura ambayo mhariri mmoja, mahali ambapo sitapataja, aliwahi kunishauri niifute kwa kuwa haina mahaba. Mhasibu aliandika kwamba hapo ndipo alipoamini. "Mtu huonyesha mwili kwa urahisi kuliko akiba," aliandika, na kwenye swali la mahali aliposimama akafikiri maisha yake, alijaza neno moja tu: kopo. Sikujua nimfikirie nani, yeye au mkewe, na nadhani hakutaka nijue.

Huo ni upande mmoja wa bahasha ya kaki niliyokabidhiwa. Msomaji wa tano aliachia ukurasa wa 31. Sababu aliyoitoa ilikuwa: "Wanaongea sana. Nilikuwa na kazi." Aliongeza mawaidha ya aya nzima kuhusu urefu wa gauni la Rehema, ambayo niliyasoma kwa heshima. Anayelipia huduma hii ajue kwamba fedha hairudishwi kwa sababu ya msomaji wa namna hiyo, na kwamba hakuna msomaji wa akiba anayeletwa kujaza nafasi. Kwa maoni yangu hilo ni sawa, kwa sababu ukurasa wa 31 ni habari, tena habari chungu inayofaa. Mwandishi ambaye hawezi kuivumilia abaki na kundi lake.

Kasoro ninazoziona mimi ni za namna nyingine. Kwanza ni muda. Usitegemee kupata karatasi zote kabla ya mwezi kwisha, na kuanzia katikati ya Desemba hadi mwisho wa Januari huduma husimama kabisa, kwa kuwa wazazi wanaonunua vitabu vya muhula mpya hulijaza duka hata nafasi ya kuweka mguu haipo. Pili, wasomaji wote ni wanachama wa duka, na wanachama wengi hutoka Sinza, Kijitonyama na Mwenge, watu wenye umri mkubwa na wanaume kuliko wanawake. Kijana wa miaka 20 ambaye hasomi kabisa, ambaye mimi ningetamani sana kusikia ameachia ukurasa gani, hayumo katika kaunta buku. Nilimweleza mama jambo hilo. Alinijibu, "Mwanangu, huyo mlete wewe, mimi nitampa kiti." Tatu, hati za mikono ya watu wengine zinahitaji mfamasia kuzisoma, na hakuna anayekusaidia kuzifafanua, kwa sababu mwandishi na msomaji hawaruhusiwi kukutana wala kupeana namba za simu. Sharti hili la mwisho wenzangu wengi hulilalamikia. Mimi naliunga mkono kikamilifu. Siku nitakapokunywa kahawa na msomaji wa pantoni, karatasi yake inayofuata itakuwa ya adabu, na adabu ninayo ya kutosha nyumbani.

Wapo wanaoogopa kwamba mswada utanakiliwa na kuuzwa. Hofu hiyo haikosi msingi katika mji ambao hadithi huvuja kutoka kundi moja hadi jingine kabla mwandishi hajapata usingizi. Duka hutia namba kila nakala kwa mkono, msomaji huweka sahihi, na nakala zote hurudishwa kwa mwandishi. Katika miswada yangu hakuna iliyopotea. Hata hivyo, duka halitoi dhamana yoyote ya kisheria. Haki ya mwandishi inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ushauri wangu ni kwamba kazi isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, kabla ya kuipeleka popote, Sinza ikiwa mojawapo ya mahali hapo.

Nitoe pia angalizo kuhusu matumizi ya maoni yenyewe, kwa kuwa nimeona mwenzangu mmoja akiharibu kitabu kizuri kwa kuyatii yote. Mgeni anaweza kukuambia kama watu wako ni watu. Hawezi kukuambia kama riwaya yako ya mapenzi ni nzuri kama riwaya ya mapenzi, kwa sababu hajui nyingine. Yule bwana wa upelelezi, pamoja na sentensi yake niliyoibandika ukutani, alipendekeza nipunguze barua za wapenzi na kuukuza wizi wa ghalani ambao kwangu ni tukio dogo la sura mbili. Mwalimu alitaka kila sura ianze na methali. Ningewasikiliza wote wawili, wasomaji wangu wanaonunua kila kitabu changu kwa shilingi 15,000 na kumwazimisha shoga yao wangekuwa na haki ya kudai fedha yao. Kwa hiyo mimi huchukua kutoka katika karatasi hizo mambo mawili tu: mahali walipoamini na mahali walipoachia. Yaliyobaki huyasoma kwa kujifurahisha, na kujifurahisha huko, nikiri wazi, ndiko kunakonirudisha Sinza zaidi kuliko faida yoyote ya kiufundi.

Sisi waandishi wa mapenzi tumezoea kusomwa kwa siri. Kitabu changu hukaa chini ya mto, huvishwa gazeti kikisomwa kwenye mwendokasi, na mtu akinisifu hadharani hutanguliza kwamba yeye kwa kawaida hasomi vitu hivi. Zamani maneno hayo yaliniudhi. Kwenye karatasi ya Sinza maneno hayohayo hayana dharau ndani yake, kwa kuwa msomaji hakujua ni kitu gani amepewa, hakuwa na mtu wa kujikinga naye, na alipogundua katikati ya safari kwamba anasoma hadithi ya wapendanao, alikuwa amekwisha kujali. Msomaji mmoja wa mswada wangu wa awali, dereva wa bajaji, aliandika kwamba alipofika ukurasa wa 60 alitambua "ni mambo ya mapenzi", akataka kuurudisha, halafu akaona bora kwanza ajue kama mama mkwe atakubali. Alifika ukurasa wa 212, ambao ndio wa mwisho.

Kwa ujumla ninaipendekeza huduma hii kwa mwandishi aliyekwisha kuandika kitabu kimoja au zaidi, mwenye wasomaji wake tayari, na ambaye mswada wake umekamilika na kusahihishwa. Kwa anayeanza kabisa siipendekezi. Yeye ahangaike kwanza na wale wanaoupenda utanzu wake, wamfundishe sheria zake, kabla ya kuwaendea wasiozijua. Waandishi wa upelelezi na wa vitabu vya dini nao wanapokelewa, na mama ameniambia kwamba mswada mmoja wa upelelezi hivi sasa umegawiwa kwa wasomaji watano wa mapenzi. Ningelipa fedha yangu mwenyewe kuziona karatasi hizo zikirudi.

Duka hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Malipo hupokelewa kwa simu au taslimu, na taslimu iwe kamili, maana chenji ya noti ya 10,000 huenda ukaisubiri hadi wauza gesi wafanye mauzo. Nakala ziwe tano, majalada matupu, kurasa ziwe na namba. Bila namba za kurasa mama hapokei mswada, na ukizingatia swali la kwanza la karatasi yake, hawezi kulaumiwa.